Tanga Halijigeuzi Lenyewe

Vijana wangu, ninyi mnaokuja mtaa wa Gerezani, hapa Kariakoo, kutafuta spea mnaweza kupita mbele ya kile kibanda changu cha zamani mara mia na msijue kwamba ndani yake yalishonwa matanga ya majahazi. Siku hizi wanauza rejeta. Mimi nilikaa humo tangu nywele zikiwa nyeusi mpaka magoti yakanikatalia, na fundi matanga asiyeweza kupiga magoti hana kazi tena. Tanga haliwekwi mezani kama suruali. Linatandazwa chini, na wewe unalitambalia kama mtoto, sindano mkononi, kipande cha ngozi kiganjani ili sindano isikutoboe.

Kwanza niwaambie jambo litakalowachekesha. Mimi ni Mchaga. Nimezaliwa mbali na maji ya chumvi, sijui kuogelea, na hata leo nikipanda pantoni ya Kigamboni nashika chuma kama mtu aliyeshika mkono wa mama yake. Kariakoo walikuwa wakiniita Mangi, kama wanavyowaita Wachaga wote wenye maduka, ingawa mimi duka sikuwa nalo. Nilikuja mjini kushona maturubai ya malori. Kibanda cha pili alikuwepo Fundi Mbwana, mtu wa Mafia, ameshona matanga maisha yake yote. Siku moja akasimama nyuma yangu, akautazama mshono wangu muda mrefu, kisha akasema, "Mkono unao, Mangi. Ila unashona kitu kilichokufa. Njoo kwangu ushone kitu kinachopumua."

Nikahamia kwake. Tanga la kwanza aliloniachia peke yangu nililikata lote limenyooka, safi, kama turubai la lori. Nilijisifu sana. Baada ya siku chache nahodha mwenyewe akalirudisha begani, jasho linamtoka. "Fundi, umenishonea tanga au pazia? Upepo unaingia mlangoni unatokea dirishani!" Mbwana alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanifundisha kwamba tanga lazima liwe na tumbo, na tumbo halitokani na kitambaa kikubwa. Kila kipande kinakatwa kwa kupinda kidogo ubavuni, vikiunganishwa ndipo tumbo linatokea lenyewe. Ukiona tanga limejaa vizuri, ujue kuna mtu alikata kwa uvumilivu.

Kingine alichonifundisha ni kutambua vyombo. Alikuwa akinichukua asubuhi mpaka yanapofunga majahazi, ananiwekea kofia yake mbele ya macho ili nisione sehemu ya chini ya chombo. "Usitazame mwili. Mwili unapakwa rangi, unadanganya. Tazama tanga, tazama kamba." Basi nikajifunza. Ngalawa ina katanga kadogo ka pembe tatu, na mlingoti mwembamba unaotikisika. Jahazi lina tanga kubwa lililofungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa kwa kulala mshazari juu ya mlingoti, na mlingoti wenyewe umeinama mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kamba nene inayopandisha foromali inaitwa henza. Kwenye jahazi henza inashuka nyuma ya mlingoti, inafungwa kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, ili iushikilie ule mlingoti usianguke mbele. Chombo cha Uarabuni au cha Uhindi mara nyingi utakiona na mlingoti wa pili mdogo huko nyuma. Na vipande vya kitambaa cha tanga letu vinasimama sambamba na ukingo wake wa nyuma. Jahazi likiwa safarini, mishono yake utaiona imesimama wima, imeinama kidogo tu.

Nilikuwa nikidhani haya ni mambo ya kubishania kwenye kahawa. Sikujua kama kuna siku ningeyahitaji kweli.

Mbwana alikuwa ameshafariki. Simu za picha zilikuwa zimeshaingia, kila mtu Kariakoo anatembea ameinamisha kichwa. Marekani, ile pamba tuliyokuwa tukishonea, ilikuwa imetoweka, tunashona turubai la nailoni, na vyombo vingi vimefungwa mashine. Lakini Hamidu, mtoto wa Mbwana, alikuwa bado nahodha wa jahazi la tanga tupu, anabeba nazi na mbao kutoka Mafia, anarudi na mabati na saruji. Aliniita baba mdogo. Nilimwona akizaliwa, nikamwona akiolewa, astaghafiru, akioa! Mnaona, hata leo nikimzungumzia ulimi unateleza.

Msimu huo kusi, upepo utokao kusini, ulivuma kwa hasira. Hamidu aliondoka Mafia kuja Dar na hakufika. Siku ya kwanza tulisema amejificha kisiwani anasubiri bahari itulie. Siku ya pili tulisema hivyohivyo, ila kwa sauti ndogo. Simu yake haikupatikana. Watu wa uokoaji walipewa taarifa, wakatafuta upande wa kusini, kati ya Mafia na Kimbiji, ndiko njia yake ilikokuwa.

Mama Hamidu, mjane wa Mbwana, akaja kukaa kibandani kwangu. Kwake Ilala kulikuwa kumejaa watu wa kumfariji, na faraja zao zilikuwa zinamtisha. Akakaa juu ya rundo la maturubai, khanga puani. Baadaye akaja Bi Salma, mke wa Mzee Kheri aliyesafiri na Hamidu kama mpishi wa lile jahazi. Wakashikana mikono. Mimi nilikuwa najifanya nashona. Nilichokuwa nashona sikijui. Jioni ile nilikuja kukifumua chote.

Wakati huohuo, Kariakoo nzima ilikuwa inacheka na picha moja.

Kimaro ndiye aliyeniletea. Yeye ni Mchaga mwenzangu, muuza maturubai, ndiye aliyekuwa akiniletea kitambaa. Aliingia na simu yake juu. "Mangi, wewe mtaalamu wa matanga, hebu ona hii. Wanasema ni meli ya mzimu." Hakuwa amewaona wale kina mama. Alipowaona aliishusha simu haraka, lakini mimi nilikuwa nimeshatupia jicho.

Picha ilipigwa jana yake na baharia wa meli ya mizigo, kwa mbali sana, mashariki ya Unguja. Ilionyesha bahari chafu, na katikati yake tanga. Chombo chenyewe kilikuwa kimemezwa na mawimbi, huoni mwili. Tanga lilikuwa la pembe nne, fupi, limening'inia kwenye mti mfupi uliolala sawasawa kama kitundikio cha nguo. Tanga kama lile hakuna chombo cha pwani yetu kinacholibeba. Wazee wa kahawani walikuwa wameshatoa hukumu: huo ni mtepe, ile merikebu ya zamani iliyoshonwa kwa kamba na kubeba tanga la mkeka, la pembe nne, ambayo hakuna aliye hai aliyeiona ikisafiri. Mtepe umefufuka! Vijana wa spea nao walikuwa na yao. "Oya, hiyo siyo ya Bongo hiyo. Ya nje hiyo, wazungu wako matembezini."

Nikamwambia Kimaro, "Nipe hiyo simu."

Nilitoka nayo nje kwenye mwanga. Nikafanya kama alivyonifundisha Mbwana, nikaacha kutafuta mwili. Mlingoti ulikuwa mmoja. Umeinama mbele. Kulikuwa na uzi mweusi, mwembamba kama unywele, unashuka nyuma ya mlingoti, pale inaposhuka henza. Kimaro akaikuza picha kwa vidole, ikawa uji mtupu.

"Anaweza kutuma ile yenyewe, isiyopunguzwa?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Aliyeipiga."

Kimaro alipiga simu kwa aliyemtumia, na huyo kwa aliyemtumia yeye, mpaka ikafika kwa baharia mwenyewe. Picha ilipokuja tena, ilikuwa safi zaidi. Na hapo nikaiona mishono. Ilikuwa imelala. Imelala toka upande mmoja hadi mwingine, sambamba na ule mti wa juu.

Vijana, tanga la mkeka la mtepe sikuwahi kuliona, lakini tanga la jahazi nalijua kama ninavyojua kiganja changu. Mishono yake haiwezi kulala. Labda mtu alichukue tanga lote, aligeuze ubavu, auinue ule ukingo wa nyuma aufunge juu. Na mtu hawezi kufanya upuuzi huo labda foromali yake imevunjika, amebaki na kipande.

Nilirudi ndani nikiwa na wazo hilo, nikatamani nisingekuwa nalo. Kwa sababu kulikuwa na Chande.

Chande ni mwenye boti ya faiba, rafiki wa Hamidu tangu utotoni. Asubuhi ile alikuwa anajaza mafuta aende kuungana na wanaotafuta kusini. Bahari ile ilikuwa inakula mafuta, na ya akiba yalimtosha kwenda upande mmoja tu na kurudi. Nikisema kaskazini, ataacha kusini. Na kama Hamidu yuko kusini ameshika ubao, anatazama upeo akisubiri boti ya rafiki yake, na boti hiyo nimeipeleka mimi, Mchaga asiyejua kuogelea, kwenda kufukuza picha ya kwenye simu?

Nikamwambia Kimaro lazima nijaribu kwa macho yangu. Kulikuwa na tanga la mashua lililoletwa kutiwa viraka. Tukalikokota mpaka uani kwa mafundi injini, wale wenye winchi ya kunyanyulia injini za malori. Nikaomba bomba fupi. Nikaligeuza tanga ubavu, nikafunga ukingo wa nyuma kwenye bomba, ile ncha ndefu nikaikunja na kuibana. Mafundi wakanisaidia bila kuuliza, mikono yao ya grisi ikaacha alama ambazo mwenye mashua alikuja kunitukania. Wakavuta cheni. Tanga likapanda.

Nikatembea hadi ng'ambo ya barabara, nikasubiri basi la mwendokasi lipite, nikageuka.

Lilikuwa lilelile. Pembe nne, fupi, mishono imelala, na kona ya chini upande mmoja imening'inia kizembe kwa sababu tanga lile halikukatwa kukaa hivyo. Nikaangalia picha. Kona ya chini, upande uleule, imening'inia.

Kimaro alikuwa anatazama simu, anatazama winchi, anatazama simu. "Mangi," akasema taratibu, "hii si mzimu."

Niliporudi uani nikawakuta kina mama wamesimama mlangoni. Walikuwa wameona kila kitu. Mama Hamidu akaja mpaka mbele yangu.

"Ni mwanangu?"

"Sijui, Mama Hamidu."

"Unajua. Nakuona usoni."

"Ninachojua ni kwamba hilo ni jahazi la kwetu, na foromali imevunjika. Nani yumo, picha haisemi."

"Wako hai?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini jibu lilikuwa mbele yangu, linaning'inia kwenye winchi, na mimi nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikasema, "Tanga halijigeuzi lenyewe. Kuna mikono imelifunga pale."

Mama Hamidu akafunga macho. Nyuma yake Bi Salma akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyetua mzigo wa kichwani, akasema, "Alhamdulillahi." Nikaona jinsi alivyolipokea lile neno. Nilikuwa nimesema mikono. Sikusema ya nani, na kila mmoja wao alikuwa amechukua ya mtu wake.

Tukampigia Chande, akiwa ndiyo kwanza anatoka kuelekea kusini. Alinisikiliza hadi mwisho, mashine yake inanguruma.

"Baba, una uhakika?"

"Nina uhakika na tanga. Na foromali ikivunjika, kusi na mkondo vinampeleka kaskazini, huko huko ilikopigwa picha. Bahari unaijua wewe kuliko mimi."

Nikasikia anamwambia mwenzake kitu. Kisha akasema, "Hilo la mkondo ni kweli. Haya. Tunageuza." Simu ikakatika. Kimaro akawapigia watu wa uokoaji, wakasema chombo chao bado kiko huko Mafia lakini watapeleka habari Unguja.

Kuanzia hapo hakukuwa na kitu cha kufanya, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nililishusha lile tanga letu la winchi. Nilikunja tanga, nikalikunjua, nikalikunja tena. Kimaro akaleta chai na maandazi, hakuna aliyegusa. Kila simu ya jirani ikilia tunashtuka wote. Mara nikawaza: na kama ni tanga la turubai la wavuvi wa mbali, watu wenye desturi zao nisizozijua? Limefungwa hivyo tangu kwao, na huko ndani wanapika wali wao kwa raha? Mbwana alinionyesha vyombo vingi lakini hakunionyesha vyote. Jioni Bi Salma aliondoka kwenda kwake. Aliniaga kwa uso uliolainika. "Leo nitalala, Mangi," akaniambia. "Mungu akubariki."

Simu ililia kesho yake, jua limeshapanda. Ilikuwa ya Mama Hamidu, na jina lililotokea ni la Chande. Aliitazama kama inaweza kumng'ata, akanitupia mimi. "Sikiliza wewe. Mimi siwezi."

Nikaiweka sikioni. Upepo mtupu, kisha sauti kavu, iliyopasuka, ikasema, "Shikamoo, baba mdogo."

Nikamkabidhi mama yake simu, naye akaishika kwa mikono miwili, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Umekula?"

Yaliyobaki tuliyapata kidogo kidogo. Foromali ilivunjika ghafla kwenye dhoruba, siku ileile waliyoondoka. Wakapoteza usukani, simu zikalowa. Hamidu ndiye aliyelipindua tanga ili chombo kisizungukezunguke na kujaa maji. Chande aliwakuta wanachota maji kwa ndoo, midomo imewapasuka. Walikuwepo wote, isipokuwa mmoja. Kipande cha foromali kilipoanguka kilimpiga Mzee Kheri kikamtupa baharini. Walimwita mpaka sauti zikaisha.

Nilikwenda msibani kwa Bi Salma, Ilala. Wanaume tulikaa nje kwenye mikeka. Bi Salma akatuma mtu aniite, nikasimama kwenye korido, yeye yuko upande wa pili wa pazia. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mangi, usiku ule nililala. Nililala vizuri."

"Nisamehe, dada."

"Sikuiti kukulaumu. Nakuambia tu. Nililala vizuri, na yeye alikuwa ameshaondoka." Akaushika ukingo wa pazia. "Sijui kama ningependa usiku huo ninyang'anywe au nibaki nao. Bado sijui."

Nami sijui mpaka leo. Ninyi mnaopenda kutuma picha na kuulizana hiki ni chombo gani, hiki ni cha ajabu gani, mnafanya vizuri, tazameni sana, hesabuni milingoti, fuateni kamba zinakoshuka, ulizeni mishono imesimama au imelala. Lakini ukishajua, ngoja kidogo kabla ya kufungua mdomo, na utazame ni nani amesimama mlangoni. Mimi ningeyasema tena yaleyale, maana boti ilihitaji kugeuka. Ila ningeyasema huku nimemtazama Bi Salma pia.

Hamidu alipopata nguvu alikuja kibandani na tanga lake, au mabaki yake. Alikuwa ameshapata foromali nyingine. "Baba mdogo, nataka unishonee jipya." Hakukaa hata kidogo, alisimama akichezea ufunguo, kama mtu anayeogopa kuulizwa.

Alipoondoka, kabla hajafika mbali, mama yake akaingia. Alikuwa akingoja kwenye kona. "Usimshonee, Mangi. Nakuomba. Akikosa tanga atabaki nchi kavu. Mwambie unaumwa. Mwambie umestaafu."

"Nisipomshonea mimi, atashonewa na mwingine."

"Ashonewe na mwingine basi!"

Nikamwambia, "Na huyo mwingine atashona vipi?"

Aliondoka amekasirika, na kwa kweli hata mimi nilikuwa nimejikasirikia. Magoti yalikuwa yameshaanza kunikatalia. Ningeweza kusema nimestaafu na usingekuwa uongo. Nikatandaza kitambaa.

Tanga hilo lilinichukua muda mrefu kuliko lolote, na ndilo la mwisho nililoshona. Nilikata kila kipande kwa kupinda kidogo ubavuni, nikapima, nikapima tena, nikaunganisha. Nilipofika kwenye ukingo, pale kamba inaposhonewa ili tanga lisichanike, kivuli kikaingia mlangoni. Mama Hamidu alivua viatu, akapiga magoti upande wa pili wa tanga bila salamu, akaanza kuufuata mshono wangu kwa kidole. Kila hatua anaingiza ukucha chini ya uzi, anauvuta, anausikiliza, anasogea. Mume wake alikuwa akifanya hivyohivyo.

Karibu na kona kidole chake kikasimama. Akavuta mara moja, akavuta mara ya pili. Kwangu mimi mshono ule ulikuwa mzima.

"Huu rudia," akasema.

Nikachukua mkasi, nikaufumua, nikarudia.